Pua ya Kobe: Siku Sita katika Bonde la Ivanpah

Siku ya kwanza

Tuliondoka Barstow, mji ulio katika Jangwa la Mojave huko California, alasiri, watu wanne katika magari mawili. Barabara kuu namba 15 ilitupitisha Baker, ikatupandisha hadi Mountain Pass, kisha ikateremka ghafla, na Bonde la Ivanpah likajitandaza lote mbele ya kioo cha gari: ziwa kavu jeupe, uwanda wa vichaka vya kreosoti, na minara mitatu ya mtambo wa umeme wa jua uliofunguliwa mwaka 2014. Mtambo huo una historia yake na kobe, maana mwaka 2011 ujenzi wa sehemu zake ulisimamishwa kwa muda baada ya kobe kuonekana wengi kuliko waliokadiriwa. Sisi hatukuwa na shughuli huko. Tuliacha lami, tukaingia upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mojave, tukapiga kambi kandokando ya njia ya vumbi jua likiwa linazama.

Tulichotumwa kufanya ni kuwatafuta kobe wa porini wa spishi ya Gopherus agassizii, kuwachunguza mmoja mmoja, na kuchukua sampuli za kupima ugonjwa wa njia ya juu ya hewa unaoletwa na bakteria wa jamii ya Mycoplasma. Ugonjwa huu ulianza kuzungumzwa sana mwaka 1988, pale kobe wengi walipokutwa wamekonda na pua zao zinachuruzika makamasi katika eneo lililotengwa kwa ajili yao kwenye Kaunti ya Kern, magharibi mwa jangwa hili. Hofu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya serikali ya Marekani kuwapa kobe wa Mojave ulinzi wa dharura mwaka 1989, na mwaka uliofuata kuwaandikisha rasmi kuwa spishi iliyo katika tishio. Ilipofika mwaka 1994, majaribio yalikuwa yamethibitisha kwamba Mycoplasma agassizii ndiye anayeleta ugonjwa, na mwaka 2004 ndugu yake, Mycoplasma testudineum, naye akapewa jina.

Kwa kuwa kobe hawa wanalindwa na sheria, hakuna mtu anayeruhusiwa kuwagusa bila kibali cha serikali kuu, na ni wenzangu wawili tu, daktari wa wanyama aliyetuongoza na mtaalamu mmoja wa viumbe, waliokuwa na kibali cha kutoa damu. Mimi nilikuwa karani. Nilijaza fomu, niliandika lebo za vichupa na kuhesabu glavu, na pale nilipoelekezwa nilimshikilia kobe mwenye kibali akiwa kando yangu. Usiku ule nilihesabu glavu jozi mia mbili nikadhani zimezidi. Hazikuzidi.

Siku ya pili

Tulianza kutembea kulipopambazuka, tukiwa tumejipanga kwa mstari, umbali wa mita kumi kati ya mtu na mtu. Macho hayatafuti kobe mwanzoni, hutafuta mashimo. Shimo la kobe hutambulikana kwa mlango wake ulio bapa chini na wa mviringo juu, kama mwezi nusu uliolala, na kobe wa jangwa hutumia takriban asilimia 95 ya maisha yake humo ndani akiukwepa ukali wa joto na baridi. Mtaalamu wetu alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, akikitega juani ili mwanga urudi na kuingia shimoni hadi mwisho wake. Mara mbili mwanga ule ulimkuta nyoka mwenye njuga mkiani, nasi tukaondoka kwa adabu zote.

Kobe wa kwanza tulimpata saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa ndani ya shimo, uso umeelekea nje. Mtaalamu akachukua fimbo, akagonga gamba lake taratibu kwa mbele, tok, tok, tok, namna kobe mwingine anavyogonga akija kugombania mahali. Baada ya dakika chache mwenyeji akatoka mwenyewe kuangalia ni nani huyo mwenye utovu wa heshima. Ni njia nzuri zaidi kuliko kumvuta, kwa sababu kobe akivutwa hujikaza ukutani kwa miguu na anaweza kuumia, na shimo lenyewe likaporomoka.

Kabla hajaguswa alitazamwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sehemu kubwa ya upimaji huu hufanyika bila chombo chochote. Daktari alipiga magoti mita mbili mbele yake, akatulia, akamsikiliza anavyopumua na kutazama kama matundu yote mawili ya pua yako wazi, kama kuna unyevu, na kama unyevu huo ni majimaji au ute mzito. Akaangalia macho, kama kope zimevimba au mboni zimezama ndani. Kisha akaangalia miguu ya mbele, jambo ambalo nisingeliwaza kamwe: kobe mwenye mafua hujifuta pua kwa mguu, kwa hiyo pua inaweza kuwa kavu wakati ule huku magamba ya mguu yakiwa na uchafu uliogandia na kung'aa kama gundi. Kobe namba 1 alikuwa safi kote.

Ndipo glavu zikavaliwa. Kila kobe hushikwa kwa glavu mpya, na chochote kinachomgusa, iwe ni mizani, kipimo cha urefu au ubao wa kumwekea, huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kobe anayefuata. Bakteria hawa hawadumu sana nje ya mwili. Huhama hasa pale kobe wanapokutana pua kwa pua, wakipigana au wakitongozana, na kikosi kizembe kinaweza kuwakutanisha pua kwa pua kobe wawili ambao jangwani wasingeonana hata mara moja katika maisha yao.

Saa nne kasorobo tulisimama. Kipimajoto, kilichowekwa kivulini sentimita tano juu ya ardhi, kilisoma nyuzi 35 za Selsiasi, na kikifika hapo kobe hashikwi tena, hata kama amekaa mbele yako anakutazama. Mmoja alikuwa amekaa mbele yetu anatutazama. Tuliandika mahali alipo tukaondoka.

Siku ya tatu

Siku hii tulipata kobe watano, nami ndiyo siku niliyofanya kosa ninalolikumbuka zaidi.

Nieleze kwanza utaratibu wa sampuli. Ya kwanza ni ya mdomoni: kobe hubembelezwa mpaka afungue mdomo, kisha kijiti cha pamba hupitishwa juu ya ulimi na kwenye dari la mdomo, karibu na mahali njia ya pua inapofungukia. Kijiti hicho hutiwa kwenye kichupa na kuwekwa kwenye baridi. Maabara itakipima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya bakteria wenyewe. Ya pili ni damu, mililita moja hivi kwa kobe mkubwa. Daktari aliitoa chini ya ukingo wa mbele wa gamba, juu ya shingo, ambako kuna mkusanyiko wa mishipa. Ni mahali panapofikika kwa urahisi hata kobe akiwa amejikunja, ila lazima mtu awe macho, kwa sababu mishipa ya limfu, majimaji mepesi ya mwilini, iko jirani, na limfu ikichanganyika na damu sampuli huwa nyepesi na majibu yake hayaaminiki. Mara moja bomba la sindano lilianza kujaa kitu cha rangi ya waridi iliyofifia, na daktari akalitupa lote bila hata kuguna.

Damu hiyo haitafutwi bakteria. Hutafutwa kingamwili, yaani alama ambazo mwili wa kobe umejiwekea baada ya kukutana na Mycoplasma, kwa kipimo cha ELISA. Plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, huzimuliwa mara nyingi, na maabara hutazama ni mpaka wapi bado inajibu: ikiishia kabla ya kuzimuliwa mara 32 huhesabiwa kuwa haina alama, 32 yenyewe ni ya kutiliwa shaka, na kuanzia 64 huhesabiwa kuwa kobe amewahi kukutana na bakteria. Angalia hapo maneno "amewahi kukutana". Kingamwili huchukua takriban wiki nane kuonekana baada ya maambukizi, kwa hiyo kobe aliyeambukizwa mwezi uliopita anaweza kusomeka msafi, ilhali aliyeambukizwa zamani na sasa anakula maua kwa raha zake akasomeka na namba kubwa. Hata vitoto huweza kuzaliwa na kingamwili za mama, zilizopita kwenye kiini cha yai, bila wao wenyewe kuguswa na ugonjwa.

Sasa kosa langu. Kobe namba 4 alikuwa jike mzito, urefu wa gamba milimita 231, na niliambiwa nimbebe kutoka kichakani hadi kwenye turubai la kivuli, hatua kama kumi. Anatakiwa kubebwa akiwa ameshikwa sawasawa kwa mikono miwili, tumbo chini, karibu na ardhi, bila kuinamishwa. Nilijikwaa kwenye mzizi. Sikumwangusha, lakini nilimnyanyua ghafla hadi kifuani ili nisianguke naye, naye akafanya kile ambacho kobe wa jangwa hufanya akiogopa: akamwaga mkojo wote. Ulinitiririkia kwenye suruali, ukaloa mchangani, ukapotea.

Mgeni anaweza kucheka. Kwa kobe huyu kibofu ni tangi. Maji aliyokunywa mvua iliponyesha huyahifadhi humo na kuyatumia kidogo kidogo, na kwa akiba hiyo anaweza kukaa mwaka mzima bila kunywa tena. Nilikuwa nimemwaga, kwa sekunde tatu, maji ambayo pengine yangemfikisha kwenye mvua nyingine. Daktari hakunifokea. Aliniambia niandike kwenye fomu saa na kiasi kwa makadirio, akasitisha uchukuaji wa damu, kisha tukamweka jike yule kwenye beseni lililooshwa, lenye maji yaliyomfika chini ya kidevu tu, katika kivuli. Kwa dakika kumi hakufanya kitu. Halafu akashusha kichwa, akazamisha pua, na koo lake likaanza kwenda juu na chini. Alikunywa kwa dakika kumi na nane, nilizihesabu, na nilipomrudisha kwenye shimo lake nilitembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Tangu hapo kila kobe nilimwendea nikiwa nimeshaondoa mawe na mizizi njiani. Daktari naye alibadili mpango, turubai likawa linapelekwa alipo kobe. Sijui kwa nini halikufikiriwa mwanzoni.

Siku ya nne

Upepo. Mchanga ulivuma tangu alfajiri na kobe wote wakabaki chini, kwa hiyo tulimaliza karatasi na kuangalia vichupa. Damu ya kila siku ilikuwa imezungushwa jioni kwenye mashine ndogo inayotumia betri ya gari, mpaka chembe nyekundu zikatuama na plazma ya manjano kubaki juu. Plazma hiyo hunyonywa, huwekwa kwenye kichupa chenye lebo mbili, na kugandishwa kwenye sanduku la barafu kavu. Sanduku hilo tulilitunza kuliko chakula chetu.

Mchana tulizungumza sana juu ya kobe wa kufugwa. Wako wengi majumbani katika majimbo ya kusini-magharibi, hukutwa na bakteria hawa mara nyingi, na mara kwa mara mtu mwenye huruma isiyo na elimu humrudisha wake jangwani akidhani anampa uhuru. California inakataza jambo hilo kisheria. Mimi nadhani katazo hilo lingeeleweka zaidi kama watu wangeelezwa habari ya pua tu, bila kutishwa na faini.

Siku ya tano

Upepo ulitulia na bonde likawa limeoshwa. Kabla ya saa tatu tulikuwa na kobe wanne, wote wakila, midomo imejaa kijani. Kobe namba 9, dume kubwa lenye pembe ndefu chini ya kidevu, alikuwa mzuri kiasi kwamba daktari alimtumia kunifundisha alama ya hali ya mwili, ambayo hutolewa kuanzia 1 hadi 9 kwa kutazama nyama ya kichwani na ya mabega. Walio kati ya 4 na 6 wako vizuri. Nilimpa 5. Daktari alikubali.

Namba 14 tulimkuta karibu saa tatu na nusu. Alikuwa nje ya shimo, kwenye jua, wakati ambapo wenzake walikuwa wameanza kurudi ndani, na hakurudisha kichwa tulipomkaribia. Kwa umbali wa mita mbili nilisikia sauti kama ya mtu anayenyonya mrija uliokaribia kuisha soda. Kwenye tundu la kushoto la pua kulikuwa na povu lililopanda na kushuka kwa kila pumzi. La kulia lilikuwa limezibwa na ukoko wa makamasi na udongo, kope za juu zilikuwa zimevimba, na magamba ya miguu yote miwili ya mbele yaling'aa.

Niliandika: "Mgonjwa." Daktari aliiona, akaniomba kalamu, akalikata neno lile kwa mstari mmoja nadhifu na kuweka herufi za jina lake pembeni. Akasema fomu ile haina mahali pa neno hilo. Niandike tundu lipi, ute wa aina gani, rangi gani, kope ipi, kiasi gani. Nilifanya hivyo, na ilinichukua mistari sita kusema kile nilichodhani nimekisema kwa neno moja. Baadaye nilielewa. Pua inayochuruzika inaweza kuletwa na bakteria wengine, au hata vumbi la siku ya upepo, na daktari atakayesoma fomu mwaka ujao hatakuwa na povu lile mbele yake. Atakuwa na mistari yangu tu.

Kuna jambo jingine lililonifanya nimtazame kobe huyu kwa muda mrefu. Ugonjwa huu hauui haraka kwa kawaida. Hutulia, huibuka, hutulia tena, na kila unapoibuka huharibu utando wa ndani ya pua, ambao ndio unaonusa. Kobe mwenye kamasi hupata shida kukijua chakula kwa harufu, na katika jangwa ambalo maua huwepo kwa wiki chache za masika, kuchelewa kukiona chakula ni kukonda. Hali yake ya mwili ilikuwa 3. Majani aliyoyapenda namba 9 yalikuwa hatua nne kutoka alipokaa.

Alichukuliwa sampuli ya mdomo. Kwa pua, mtaalamu aliingiza maji kidogo ya chumvi yaliyo safi kwenye tundu lililo wazi na kuyakinga yaliporudi. Damu ilitoka vizuri mara ya kwanza. Hakukojoa. Kwa kobe huyu tuliosha vifaa mara mbili, na daktari akaagiza viatu navyo vipulizwe dawa, ingawa sidhani kama viatu vilikuwa na hatari yoyote. Nadhani alitaka tu tusisahau. Gundi ya kushikilia namba yake kwenye gamba ilipokauka tulimweka mlangoni mwa shimo lake, kivulini. Hatukumpa dawa. Penisilini haiwezi kitu hapa, kwa kuwa Mycoplasma hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia, na dawa nyingine zinataka kurudiwa kwa wiki kadhaa, jambo linalowezekana katika zizi na si katika bonde lenye ukubwa huu. Kipimajoto kilikuwa nyuzi 34.

Siku ya sita

Tulifunga kambi. Vichupa 31 vya plazma, vijiti 18 vya mdomoni, vichupa viwili vya maji ya pua, fomu 17, na fomu moja ya namba 4 isiyo na namba ya kichupa cha damu kwa sababu yangu. Kati ya glavu jozi mia mbili zilibaki kumi na moja. Sanduku la barafu kavu lilisafiri kwenye kiti cha mbele, nami nikakaa nyuma.

Wiki saba baadaye

Majibu yamekuja leo, na nimeyasoma mara tatu. Wengi wako chini ya 32 na vijiti vyao havina kitu. Namba 9, dume lile zuri nililolitumia kujifunza jinsi kobe mzima anavyofanana, ana 128 katika ELISA, na kijiti chake hakina bakteria. Alikutana nao wakati fulani, akaendelea na maisha yake. Namba 14, mwenye povu, yuko chini ya 32. Kama tungelichukua damu peke yake tungemwandika msafi. Lakini kijiti cha mdomo na maji ya pua, vyote viwili, vimeonyesha vinasaba vya Mycoplasma agassizii, maana yake inawezekana sana kwamba tulimkuta katika wiki zake za mwanzo, kabla mwili haujaweka alama.

Daktari ameomba kikosi kirudi Septemba, kobe wanapotoka tena baada ya joto la kiangazi, kimtafute 14 na kumtoa damu ya pili, na pia 4, ambaye hakupimwa damu kabisa. Nimeombwa niende tena kama karani. Nimekwisha kuingiza mashimo yote mawili kwenye kifaa cha ramani, na kwenye orodha ya vifaa nimeongeza beseni la pili.